Pafu Zima Halionekani

Nilitoka Chunya nikiwa nimekaa juu ya magunia ya ufuta, kwenye lori lililokuwa likielekea Itigi. Lori lilikufa Rungwa, katikati ya pori, tukabaki pale tukipigana na mbung'o mpaka spea ilipofika. Itigi nikapanda treni ya Mwanza. Nilisimama mpaka Tabora, na baada ya Tabora nikapata pa kukaa juu ya begi la mama mmoja ambaye hakujua kwamba nimelikalia. Kutoka Mwanza basi lilipita Lamadi na Bunda, likavuka daraja la Kirumi, na Tarime nikashuka na nguo za kubadili, sufuria moja, na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimwonyeshe.

Baba yangu alichimba dhahabu Chunya wakati dhahabu ya Chunya ilikuwa imekwisha. Nilikua nikisikia rashi, watu kukimbilia dhahabu mpya mahali pengine, mara Geita, mara Kahama, na kila niliposikia jina jipya nililala vibaya. Habari za Tarime ziliponifikia nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, sina mke, sina shamba. Nilimwambia mama nitarudi baada ya mavuno. Sikusema mavuno ya mwaka gani.

Ninyi mnaobaki kituo cha afya mmeniomba niandike jinsi kazi ya mashine ilivyoanza, kwa sababu mimi ndiye niliyeishika mkononi tangu siku inafunguliwa boksi. Naandika hivyo hivyo nilivyozoea kusimulia. Vyeo sina vya kusema, nilianza mhudumu nikamaliza mhudumu.

Kemambo, machimboni huko Tarime, nilikuta watu wamegawanyika. Wengine walikuwa bado wakilima mahindi na mihogo na kuchunga ng'ombe kama zamani, wengine wameshachimbua shamba la babu yao mpaka nyumba imebaki inaning'inia ukingoni. Karasha za kusaga mawe zilipiga kelele kutwa, na vumbi lake lilikuwa jeupe, laini kama unga wa muhogo, linakaa juu ya majani ya migomba na kwenye kope za watu. Nilishuka na wenzangu kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Tulitoboa mwamba bila maji, tumefunga vitambaa puani, na vitambaa vyenyewe tulivitumia pia kufutia jasho. Wakurya walituita wageni wote kwa makabila ya kubahatisha. Mimi ni Mkimbu, lakini walisikia natoka upande wa Mbeya, wakaniita Mnyakyusa. Nilikataa mwaka mzima, halafu nikachoka.

Kituoni nilikwenda mara ya kwanza kama mgonjwa. Kikohozi hakikuisha. Nikiwa kwenye foleni jenereta likazima, na huko ndani mtoto alikuwa kwenye oksijeni. Nikaona watu wanakimbia huku na huku, nikaenda kulitazama. Lilikuwa limeziba chujio kwa lile vumbi la karasha. Nililitoa, nikalipigapiga kwenye ukuta, nikalirudisha, likawaka. Daktari Chacha, tabibu mkuu wa kituo, alitoka na koti lake jeupe lisilokuwa jeupe.

"Mura, wewe ni fundi?"

"Hapana Daktari. Ni mgonjwa."

"Basi sisi tutakutibu wewe, na wewe utalitibu hilo."

Ndivyo nilivyopata kazi. Nilidhani nitakaa mpaka kikohozi kipungue, niendelee na safari. Nilikuwa nimesikia kuna mawe mapya upande wa Serengeti.

Aliyenifundisha kazi ni Sista Akoth, muuguzi Mjaluo, mama mwenye mabega mapana, ndugu zake nusu wako Tanzania na nusu wako Migori, Kenya. Kabla ya mashine kila kitu kilikuwa macho yake. Mtoto mwenye kikohozi akiingia, Sista hakumgusa kwanza. Alimwambia mama akae, amnyonyeshe, afungue kanga au kitenge kifua kionekane. Halafu alitazama saa yake na kifua cha mtoto dakika nzima, akihesabu pumzi. Nilijaribu siku moja kuhesabu nusu dakika na kuzidisha mara mbili.

"Wewe Mnyakyusa, unahesabu mtoto au unahesabu debe za mahindi?"

"Si ni ile ile, Sista?"

"Si ile ile. Mtoto mchanga anapumua haraka, anapumzika, anaanza tena. Wewe umekaa pale alipokuwa anaharakisha. Rudia."

Nilirudia. Alinifundisha pia kutazama kama nyama ya chini ya mbavu inabonyea ndani mtoto anapovuta pumzi, na kusikiliza kama anakoroma mwisho wa pumzi. Ninyi vijana msiache hayo kwa sababu mna mashine. Mashine inaisha chaji.

Mashine ililetwa na mradi mmoja ambao baadaye uliondoka kama ulivyokuja. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea: kichwa kimoja cha kushika mkononi, kama kinyolea ndevu, na waya unaoingia kwenye simu kubwa. Altrasaundi tuliyokuwa tunaijua sisi ni ya wajawazito. Daktari wa kike kijana alikuja nayo kutoka Mwanza, akasema hii tutaitumia kutazama mapafu ya watoto, kwa sababu eksrei iko mbali na watoto wanakufa barabarani wakiifuata.

Siku ya kwanza ya mafunzo alinituma buchani nikanunue mapafu ya ng'ombe. Muuza nyama alinitazama.

"Mapafu tu? Maini hutaki?"

"Mapafu tu."

"Una mbwa?"

"Nina daktari."

Tuliyapuliza hewa kwa mpira, daktari akaweka kichwa cha mashine juu yake. Kwenye kioo tuliona mstari mmoja mweupe juu, na chini yake ukungu tu. Akasema, "Hilo ni pafu zima. Hewa haipitishi picha. Pafu zima halionekani." Halafu akamimina maji ndani ya kipande kimoja, na pale tukaanza kuona: miale mirefu myeupe ikishuka chini kama mvua inayonyesha mlima wa mbali. Kipande kingine alikikamua kabisa hewa ikatoka, nacho kikaonekana vizuri, chenye nyama, kama ini. "Mkiona pafu la mtoto linafanana na ini," alisema, "hiyo ni nimonia." Nilikaa nalifikiria jambo hilo. Nilikuwa najifunza kazi ambayo ukikiona kitu vizuri, basi kimeharibika.

Kazi yangu ilikuwa kushika kichwa cha mashine na kutunza chaji. Kusoma picha na kuamua dawa ilikuwa kazi ya Daktari Chacha, na alikuwa hodari. Ila mikono yake ilikuwa mikubwa na ya baridi na watoto walimlilia. Mimi watoto walinivumilia. Yapo mambo madogo ambayo hayamo kwenye maelekezo ya mradi. Chupa ya jeli ya kupaka kifuani iweke kwapani mwako kabla mtoto hajaingia. Jeli ya baridi kwenye kifua cha mtoto wa miezi mitatu, basi umepoteza nusu saa. Mwache kwenye titi. Anza mgongoni, kwa sababu mtoto hajali asichokiona, na nimonia ya watoto wachanga hupenda kujificha chini mgongoni. Usikandamize. Mbavu zitakupa vivuli vyeusi, kama fito za ukuta ambao haujakandikwa. Tafuta kati ya fito. Ukiupata ule mstari mweupe, tulia, uangalie kama unatembea. Pafu likipumua, mstari huo unateleza huku na huku chini ya mbavu.

Ndipo alipokuja Bhoke.

Bhoke alikuwa mama mzee, mjane, mrefu, anatembea kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Hakujaliwa kuzaa. Wakurya wana desturi kwamba mwanamke wa namna hiyo anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa na msichana huyo wakawa watoto wa nyumba yake. Kwetu Chunya sikuwahi kuisikia, na nilipoelezwa mara ya kwanza nilicheka. Sista Akoth alinitazama mpaka nikaacha. Bhoke alikuwa amemwoa Nyangi, msichana aliyekuwa hajatimiza miaka ishirini, na Nyangi alikuwa amezaa mtoto wa kiume. Walimpa jina la mume wa Bhoke aliyefariki: Mwita. Bila Mwita, mji wa Bhoke, yaani boma lake, ungefungwa siku anayozikwa.

Waliingia siku ya mnada, Bhoke mbele na mtoto, Nyangi nyuma. Nyangi alikuwa mweupe wa vumbi mpaka kwenye nyusi, maana alikuwa akiponda mawe karibu na karasha, mtoto mgongoni.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba. Huyu ni mume wangu," akasema Bhoke, akimwonyesha yule mtoto wa miezi minne, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Anakohoa. Nisaidieni."

Daktari Chacha aliisoma picha. Upande wa kulia, chini mgongoni, pafu lilikuwa limekuwa ini kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto. Bhoke hakukaa kwenye kiti. Alisimama nyuma yangu anatazama simu.

"Hicho ni nini?"

"Ndio ugonjwa, mama," Daktari alisema. "Pale. Na hapa upande wa pili hakuna kitu, ni pazima."

"Na hiki kinachotambaa?"

Alikuwa ameuona ule mstari. Mimi ilinichukua siku nyingi kuuona. Yeye aliuona hapo hapo.

"Ni pafu linapumua."

"Kama siafu wanavuka njia," alisema Bhoke. "Siafu wake wanatembea. Vizuri."

Mwita alilazwa, akachomwa sindano, akawekwa kwenye oksijeni. Jenereta halikuzima. Alipona. Tulipomtazama tena, lile ini lilikuwa limepungua mpaka limebaki doa. Siku ya kuruhusiwa Sista Akoth aliwapa maelekezo yaliyokuwa yamebandikwa ukutani, yale yale tuliyowapa wote: mtoto asipigwe na baridi, asikae kwenye vumbi, anyonyeshwe vizuri, akibadilika arudishwe haraka. Nyangi alikuwa anatazama chini. Bhoke alikuwa anayasikiliza kama mtu anayepewa wosia.

"Umesikia?" alimwambia Nyangi. "Vumbi. Huendi tena kwenye mawe na mtoto wangu."

"Na mimi nisipoponda mawe nitavaa nini, mama?"

"Utavaa nilivyovaa mimi."

"Ndio hicho ninachokiogopa," alisema Nyangi, na Sista Akoth akageuka ukutani kuficha kicheko.

Tangu hapo Bhoke alimleta Mwita kila siku ya mnada, mzima au mgonjwa, tumtazame. Daktari Chacha alilalamika kwamba mashine si kanisa, haihitaji kuhudhuriwa. Lakini hatukumrudisha. Aliketi kwenye benchi, akingoja zamu yake, anawaeleza kina mama wengine habari ya siafu. Nikiweka mashine, kioo kikitoa ule ukungu, Daktari anasema, "Hakuna kitu, mama," na Bhoke anashukuru kama amepewa ng'ombe. Jeli iliyobaki hakutaka niifute. Alimpaka mtoto kifua kizima, maana mafuta hayatupwi.

Miezi ikapita, nikaona katika picha za Mwita miale miwili mitatu ya mvua. Haikuwa nimonia. Ilikuja, ikapungua, ikarudi. Daktari alisema labda ni mafua. Nyangi alikuwa ameacha kumpeleka kwenye mawe, hilo tulikuwa na hakika nalo. Alikwenda peke yake, mtoto alibaki na Bhoke. Kwa hiyo hatukuelewa.

Wakati huo mradi ulikuwa ukitutuma kwenda na mashine upande wa pili wa mto Mara, wilaya ya Serengeti. Mimi hizo safari nilizipenda kuliko kitu chochote. Tulikwenda Morotonga, tukaenda Robanda kule mwisho, ambako ukimaliza shamba la mwisho unakutana na hifadhi. Kila tulipofika mahali papya niliuliza kuna kazi gani, nyumba inapangishwa bei gani. Sista Akoth alikuwa akinicheka. "Wewe ukifa tutakuzika kwenye gari."

Robanda tulimtazama mtoto wa mama mmoja aliyekuwa akilinda mahindi yasiliwe na tembo. Msimu mzima alilala na mtoto kwenye kibanda shambani. Kifuani kwa yule mtoto kulikuwa na miale ile ile ya Mwita, pande zote mbili. Sista aliitazama, akamwuliza mama:

"Hapa mnasaga mawe?"

"Mawe gani, Sista? Hapa tuna tembo tu."

"Na kwenye kibanda mnaota moto?"

"Moto ndio unaomfukuza tembo. Tunaweka kinyesi cha ng'ombe kikavu, kifuke moshi. Tembo hapendi moshi."

Tuliporudi Sista alikuwa hazungumzi, na yeye si mtu wa kutozungumza. Tulipovuka mto akasema, "Robanda hakuna karasha. Kwa hiyo sisi tumekuwa tunagombana na vumbi peke yake. Kesho twende kwa Bhoke."

Mji wa Bhoke ulikuwa juu kidogo ya kijiji, nyumba ya bati ambayo haijaisha na nyumba ya nyasi ya kupikia. Bhoke alitupokea kwa furaha kubwa, akatuambia tuje tuone alivyomlinda mtoto. Alitupeleka kwenye ile nyumba ya kupikia. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa udongo. Nafasi kati ya ukuta na paa ilikuwa imejazwa viroba na samadi, vizuri kabisa, kazi ya mtu mwenye subira. Mlangoni alikuwa ametundika ngozi ya ng'ombe. Ndani kulikuwa na mafiga, moto wa magunzi na samadi usiozimwa, na karibu na moto, kwenye joto, Mwita amelala juu ya blanketi safi. Machozi yalinitoka kabla sijakaa, kwa sababu ya moshi. Nilianza kukohoa, nikashindwa kuacha.

"Hapa halina pa kuingilia," alisema Bhoke. "Vumbi haliingii. Na baridi haiingii. Tangu mlivyoniambia, hatoki hapa mpaka siku ya kuja kwenu."

Sista Akoth alikaa kwenye kigoda. Aliushika mkono wa Bhoke, na kwa muda mrefu alikuwa akiupapasa tu.

"Mama Bhoke, umefanya kazi kubwa."

"Ni mtoto wangu."

"Ndiyo. Sasa tumtoe nje."

"Nje kuna vumbi."

"Tumtoe tu, mama. Nitakueleza tukiwa nje."

Alimweleza polepole, kwa Kikurya chake cha Kijaluo, na palipokuwa pagumu nilisikia akitumia neno la Kiswahili, moshi. Bhoke alisikiliza. Hakubisha. Alisema tu, "Mama yangu alinilea jikoni. Sisi wote tumelelewa jikoni." Halafu aliingia ndani, akatoka na mafiga, moja moja, bado ya moto, ameyashika kwa majani ya mgomba, akayapanga uani chini ya anga. Nyangi alipofika kutoka kwenye mawe alimkuta mkwewe anapika ugali katikati ya uwanja, akasimama akishangaa.

Nilidhani tumewahi. Wiki chache zilipita salama. Halafu mvua za masika zikaja, mafua yakapita kijiji kizima, na siku ya mnada Bhoke hakusubiri kwenye benchi. Aliingia moja kwa moja. Mwita alikuwa wa buluu mdomoni. Niliweka mashine mgongoni upande wa kulia. Hapakuwa na ukungu, wala mvua, wala ini. Palikuwa peusi, na ndani ya weusi vipande vidogo vinaelea. Daktari Chacha alivua miwani, akaivaa tena.

"Usaha," alisema. "Umelizunguka pafu. Huu hautoki kwa sindano. Hospitali, waweke mrija. Sasa hivi."

Nyangi alianza kulia. Neno la kutoboa kifua cha mtoto lilikuwa limeshafika kwenye benchi, na wanawake walikuwa wanasema mtoto akitobolewa pumzi inatokea hapo. Kila mtu alimtazama Bhoke, kwa sababu uamuzi ulikuwa wake. Yeye alinitazama mimi.

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha weusi. Nikamwonyesha upande wa kushoto, uliokuwa bado unahangaika.

"Huku siafu wanatembea," alisema.

"Wanatembea, mama. Lakini wanachoka."

"Basi twende."

Tulipanda gari la kituo, Sista mbele na mtungi wa oksijeni katikati ya miguu, Bhoke nyuma na mtoto mapajani, Nyangi amemshika miguu, na mimi nimeshika mtungi usigonge. Nilikuwa na mashine mfukoni na jeli kwapani, kwa mazoea tu. Barabara ilikuwa tope. Malori ya mawe yalikuwa yameichimba mpaka gari likawa linatembea ubavu. Tulikwama, wachimbaji wakatusukuma, tukakwama tena. Nyangi alikuwa akimwambia mtoto kwa Kikurya maneno ambayo sikuyaelewa yote, isipokuwa jina.

Kabla ya kufika lami, Sista aligeuka, akaweka sikio la chuma kifuani kwa Mwita. Alisikiliza muda mrefu kuliko kawaida yake. Akamwambia dereva asimame.

Bhoke alisema, "Kwa nini tunasimama? Twende."

"Mama," Sista alisema.

"Wewe umesikiliza. Kusikiliza si kuona. Mnyakyusa, mtazame."

Nilimtazama Sista. Alikubali kwa kichwa. Niliweka jeli, ilikuwa ya moto kutoka mwilini mwangu, nikaweka mashine upande wa kushoto, ule mzuri, kati ya mbavu. Mstari mweupe ulikuwa pale pale. Niliushikilia. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari. Bhoke aliinama mpaka paji lake likagusa langu.

"Siafu wamesimama," alisema.

"Ndiyo, mama."

Aliuondoa mkono wangu. Akamfuta mtoto jeli yote, kifuani na mgongoni, na mara hii hakuacha hata kidogo. Akamfunga. Akamwambia dereva, "Geuza."

Mwita alizikwa uani, mbali na mafiga. Nyangi alikaa mpaka msiba ukaisha, halafu akaondoka kwenda kwa ndugu zake Migori. Watu walimwambia Bhoke amrudishe au adai ng'ombe wake. Alisema ng'ombe walikwisha fanya kazi yao. Mji ulibaki na mtu mmoja.

Siku ya mnada iliyofuata nilitoka nje kuwasha jenereta nikamwona kwenye benchi. Hakuwa na mtoto. Nikamwambia shikamoo.

"Marahaba. Endelea na kazi."

Alikaa pale kutwa, na mnada uliofuata, na mingine yote. Mama akikaa karibu yake na mtoto mchanga, Bhoke alimwomba ampokee, akamweka puani, akamnusa kichwa na nguo. Kisha alisema, "Huyu analala jikoni," au, "Huyu hapana." Hakukosea. Sista Akoth alianza kumwuliza kabla ya kumpima mtoto. Wengine walimchukia. Mama mmoja alimwambia, "Wewe bibi unatunusa kama mbwa, umezaa wangapi?" Bhoke alimrudishia mtoto wake, akamwambia, "Toa mafiga nje." Yule mama aliyatoa. Nilipita kwake mwenyewe nikaona.

Miaka ikaenda. Rashi ilihamia mahali pengine, ikarudi, ikahama tena. Mradi uliondoka, mashine ikabaki kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuichukua. Sista Akoth alistaafu akaenda kwao Rorya. Kila mwaka nilisema huu ndio wa mwisho, nitakwenda kuona Katavi, nitakwenda Tunduru, na kila mwaka alikuwepo mtoto kwenye oksijeni na jenereta la kuangaliwa. Mama alifariki Chunya nikiwa hapo kituoni. Yale mavuno niliyomwahidi sikuyafikia.

Kilichonitoa ni kifua. Kile kikohozi cha duara hakikuwahi kuisha, kilikuwa kinanisubiri tu. Ilifika nikawa nasimama kupumzika kati ya jenereta na mlango. Eksrei ya Musoma ilionyesha vumbi la zamani, na daktari wa huko akaniuliza miaka yangu, nilipomwambia bado sijafika hamsini akaandika polepole zaidi. Daktari Chacha alisema niache kazi, nirudi kwetu mahali pakavu nikapumue.

Siku ya kuondoka ilikuwa ya mnada. Nilikabidhi mashine, waya, na chupa ya jeli kwa ninyi mnaosoma hapa. Begi lilikuwa mlangoni, gari la Tarime linapiga honi barabarani. Bhoke alikuwa kwenye benchi, mzee sana sasa, mgongo umepinda.

"Nimesikia unakwenda kwa sababu ya kifua."

"Ndiyo, mama."

"Umetazamwa?"

"Nimetazamwa Musoma."

"Mimi sikuwepo Musoma."

Daktari Chacha alicheka, akaichukua mashine. Nilikaa kwenye kiti cha kina mama, nikafungua shati. Nilisahau kuipasha jeli, na ile baridi ilinifanya niruke kama mtoto. Daktari aliweka kichwa cha mashine mgongoni kwangu. Bhoke alishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho. Mimi sikuweza kuona. Nilikuwa nawapa mgongo. Kwa mara ya kwanza nilijua kina mama wale walikuwa wakisikia nini katika ule ukimya.

"Siafu wanatembea," alisema mwishowe. "Lakini njia yao ina mashimo."

"Ni vumbi, mama. La duara."

"Wakati ule hakuna aliyekuambia?"

"Hakuna."

Aliendelea kukitazama kioo.

"Na mimi hakuna aliyeniambia," alisema.

Aliweka simu mezani. Akachukua pindo la kitenge chake, akanifuta mgongo, pole pole, jeli yote, kuanzia mabegani mpaka chini, halafu akanizungukia akanifunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Kitenge kilipita karibu na uso wangu, nami nikakinusa bila kukusudia. Ni mwanamke aliyekuwa akijipikia peke yake, bado uani, katika mji usio na mtoto hata mmoja, miaka yote hiyo. Kilinuka jua na sabuni ya mche. Moshi hakikuwa nao.